Mji Niliompa Nesi

Nafumba macho kwenye benchi la hospitali, kichwa begani kwa binti yangu Zaituni, nia yangu kupumzika tu, na benchi linaanza kwenda. Linanipeleka kwenye korido isiyo na mwisho, milango kushoto, milango kulia, kila mlango una kioo, na ndani ya kila kioo nimo mimi nimekaa nasubiri. Nina hasira. Hii ni mara ya tatu nakuja kupimwa uvimbe wa titi, na mara mbili nimeiona sindano nikatoka mbio, mtu mzima hovyo, viatu mkononi. Uvimbe wenyewe, unaoweza kuniua, nalala nao na kuamka nao. Sindano, ambayo haijaua mtu yeyote ninayemjua, ndiyo inayonitoa jasho. Akili gani hii?

Mbele yangu anatembea nesi asiye na uso, chini ya kofia hamna kitu, peupe tu. Namwambia, we mwanamke, hebu nieleze, kwa nini naogopa kisichonidhuru? Hageuki. Anasema, kitendawili. Najibu tega, ingawa sina hamu ya michezo. Mtoto kazaliwa kabla ya mama yake. Nafikiri, korido inajikunja, napita milango ileile, nafikiri tena, nashindwa. Basi nipe mji, anasema. Nampa Tanga. Hataki. Nampa Pangani. Hataki. Nipe ule uliokulia, anasema, na kwa hasira namtupia, haya, chukua Muheza, chukua na nyumba yetu, chukua na jiko la mama.

Jiko linafika hapo hapo, moshi na kila kitu. Mama yangu, Mungu amrehemu, anasonga ugali, na mimi wa miaka minne nalia sakafuni. Nyamaza, anasema, daktari anakuja na sindano akuchome. Nanyamaza. Daktari sijawahi kumwona, sindano siijui, na tayari natetemeka. Nesi anasema, mtoto ni hofu, mama yake ni hatari. Hatari bado haijazaliwa, hofu imeshaanza kutambaa. Hasira inanipanda mpaka kooni. Mama, kwa ajili ya kimya cha dakika mbili umenitwisha mzigo wa miaka hamsini. Namfuata nimpokonye mwiko. Anageuka, na uso ni wangu, mwiko uko mkononi mwangu, na anayelia sakafuni ni Zaituni, na mdomo wangu mwenyewe unasema, nyamaza, daktari anakuja.

Zaituni ananitikisa bega. Mama, wanakuita. Kiganja chake kimelowa jasho, naye hata hachomwi leo. Bi Mwanakombo, anaita nesi mlangoni, na mwanga wa dirisha nyuma yake umemmeza uso wote. Sijui kama nimeamka au korido imejikunja tena. Kwenye benchi la pili mtoto analia, mama yake anainama kumnong'oneza, na maneno nayajua kabla hajayatoa. We binti, namwambia, usithubutu kumtisha kwa daktari.

Kisha nainuka, naingia. Natetemeka mwili mzima, lakini viatu viko miguuni.