Babu Asiyembeba Mjukuu

Mjukuu alikuwa ametimiza wiki sita, na babu yake hajambeba hata mara moja. Kila akirudi kutoka kazini alisimama mlangoni, mikono nyuma, akamchekea mtoto kwa mbali, kisha akajiendea zake chumbani.

Jambo hilo lilimkaa binti yake rohoni. Alikuwa amejifungua bila ndoa, na baba wa mtoto alishaingia mitini. Jioni moja uvumilivu ukamwishia.

"Baba, kama mwanangu anakutia aibu, niambie tu."

"Aibu?" Mzee alishtuka. "Aibu gani tena, mama?"

Akapandisha mikono ya shati. Ngozi ilikuwa nyekundu, vipele tupu, imechanika kwa kujikuna. Miaka ishirini na miwili alikuwa akikata pamba ya kioo, ile ya manjano inayowekwa darini kuzuia joto. Vumbi lake ni vijinyuzi vya kioo, vinachoma ngozi, macho na koo. Kiwandani walimwita Jogoo, maana alikohoa kabla king'ora hakijalia.

"Wewe ulipokuwa mchanga nilikubeba nikiwa na ovaroli," alisema. "Ulilia mpaka ukakaukiwa sauti, shingo nzima vipele. Sijasahau."

Binti alicheka na kulia kwa pamoja. "Na mimi nikadhani umenichoka!"

Kesho yake alimburura hadi zahanati. Muuguzi alimpima kifua, akamsikiliza kwa makini.

"Mapafu yako sijasikia ubaya, ila koo limechubuka. Kikohozi hiki tutakifuatilia. Ukitoka kazini usijikune, acha maji yatiririke kwanza mwilini. Nguo za kazi zisifuliwe na za mtoto. Na mnahitaji barakoa za maana, siyo hicho kitambaa unachojifunga puani."

"Kiwandani hakuna bafu, mwanangu, na nyumbani tunaoga kwa kopo."

Muuguzi akaandika barua ya kupeleka kiwandani.

Mzee huyu hakuwahi kuomba kitu kiwandani, hata ruhusa ya msiba. Lakini safari hii alimpelekea msimamizi barua ile, wenzake kumi na mmoja wakiwa nyuma yake. Msimamizi aliisoma huku naye akijikuna shingo.

"Jogoo, kumbe siko peke yangu," akasema.

Ilichukua wiki tano. Yakafungwa mabomba mawili ya kuogea nyuma ya stoo, zikaja barakoa, na sakafu ikaanza kunyunyiziwa maji kabla ya kufagiliwa. Vipele vilinywea. Kikohozi kilipungua tu, hakikuisha, na zahanati ikampangia kurudi kila baada ya miezi mitatu.

Siku ya kwanza ya bafu alifika nyumbani nywele zikichuruzika. Binti akampakatisha mtoto. Mzee hakujua viwiko aviweke wapi.

"Mbona mzito hivi?"

"Kilo tano na nusu tu, baba."

"Mzito," akashikilia.

Punde mtoto akamlowesha shati zima. Binti akanyoosha mikono amchukue.

"Mwache," mzee akasema, akijisogeza ukutani aegemee vizuri. "Mwache kwanza."