Choo cha Mzee Mashimba

Kijiji chetu kina cheti. Kimetundikwa ofisini kwa mtendaji, ndani ya fremu ya kioo, na kinasema kila kaya ina choo bora. Bwana Maige, mtendaji wetu, hukifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe, na sijapata kumwona akifuta kitu kingine chochote. Mgeni akifika anaonyeshwa cheti kwanza, kiti baadaye.

Mimi ni Wilhelmina, muuguzi wa zahanati iliyopo ufukweni, upande wa Busisi. Sikatai, na mimi nilijivunia kidogo. Ila kichocho kilikuwa hakijakisoma kile cheti. Watu walikuja wakilalamika tumbo na damu kwenye haja kubwa, nikawapa dawa, wakapona, baada ya miezi wakarudi na yale yale. Mayai ya kichocho hutoka kwenye kinyesi, yakaingia ziwani, yakaanguliwa, vijidudu vikakaa kwa konokono, kisha vikamwingia binadamu kupitia ngozi akiwa majini. Watu wote wakitumia choo, mzunguko unakatika. Sasa kwetu, penye vyoo nyumba hadi nyumba, hayo mayai yalikuwa yanapitia wapi?

Ulikuwa msimu wa kuandaa mpango wa afya wa kijiji, na mpango hauandaliwi kwa kukaa kitini. Zahanati inawafahamu wanaokuja tu. Wasiokuja unawafuata kwa miguu. Nikatoka na Hadiya, mwanafunzi wa uuguzi, mtoto wa wafanyabiashara wa Mwanza mjini aliyeletwa kwangu kwa mafunzo. Alikuja na viatu vyeupe pee. Kesho yake vilikuwa na rangi ya vyangu, na hakulalamika, nikaanza kumpenda.

"Kazi yetu ni kutembea, kutazama, kuuliza na kunyamaza," nilimwambia.

"Kunyamaza tena, sista?"

"Ndiyo. Hapo ndipo ninaposhindwa mimi, kwa hiyo utanisaidia."

Tulifika kwa Mzee Mashimba asubuhi, ng'ombe wakiwa wanatoka zizini. Ni mtu wa heshima zake, kanisani anakaa benchi la mbele, na neno lake kijijini halirukwi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni. Mmekuja kuona choo?"

Hata hatukuwa tumesema tumekuja kuona nini. Akatupeleka moja kwa moja. Kilikuwa choo cha kuandikiwa makala: mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu, sakafu ya vigae alivyoletewa na mwanawe wa Geita, ndoo ya maji yenye mfuniko. Hadiya akaomba kukitumia, na mzee akafurahi kama aliyesifiwa fahali wake.

Nyuma ya jiko alikaa mwanamke kijana akichambua dagaa. Alitusalimia bila kuinuka. Khanga yake alikuwa ameilundika mapajani.

"Huyo ni Selina, mke wa mwanangu Shigela," mzee akasema. "Shigela yuko visiwani anavua, mwaka wa pili sasa hajarudi." Akashusha sauti. "Wazazi wake huyo binti wanakuja Jumapili. Shigela naye anakuja. Tuna maneno."

Nilielewa, na kijiji kizima kilikuwa kimeshaelewa kabla yangu. Khanga ilikuwa imeficha tumbo kubwa, na mume hayupo. Vidole vya kuhesabia miezi kila mtu anavyo.

Lakini mimi nilimtazama kwa jicho la kazi. Mikono ilikuwa imekonda, mifupa ya mabega imetokeza, macho yana umanjano, na tumbo limevutika hadi linang'aa. Nimezalisha wanawake wengi, na mimba haimli mtu mikono namna ile. Nikachuchumaa karibu naye kama ninayechagua dagaa.

"Selina, njoo zahanati nikuangalie."

"Siji, nesi."

"Kwa nini?"

"Nikipita geti lako tu nimekiri. Watasema nimekwenda kliniki ya wajawazito." Aliendelea kutoa vichwa vya dagaa. "Nimewaambia sina mimba. Nimeapa. Nani anayeamini kiapo mbele ya tumbo kama hili?"

Nilitaka kupayuka palepale mbele ya mzee. Nikakumbuka kunyamaza, na niliona uchungu kweli.

Njiani Hadiya akasema, "Sista, kile choo ni kisafi mno. Kwetu tuko watano tu na hakiwi vile hata Idi. Pale kwa mzee wanakaa wangapi?"

Nilicheka. Kisha nikasimama katikati ya njia, kicheko kikanikauka. Watu waliojaa mji ule wa mzee, na choo kina kandambili moja ya kiume, kopo moja na taulo moja! Nami jambo hilo nalijua tangu utoto, maana hata kwetu Bukoba lipo: mke wa mtu hakutani chooni na baba mkwe wake. Hakanyagi alipokanyaga, wala mzee hatakiwi kukuta dalili kwamba mkwewe alipita pale. Ni heshima, na kwa kuwa ni heshima haitamkwi. Kwenye ukaguzi wa kile cheti tuliuliza, "Mna choo?" Wakajibu ndiyo, na ni kweli wanacho. Hakuna aliyeuliza nani anaingia.

Tukaenda kwenye mchanga wanakoanikia dagaa, wanaume wakiwa mbali. Nikawauliza wanawake waziwazi wanajisaidia wapi. Wakaziba midomo kwa khanga wakicheka. Mwishowe Bernadeta, mkubwa wao, akanionyesha kwa kubinua midomo kuelekea matete ya ziwani.

"Wake za watu choo chetu ni kile, nesi. Tunamaliza shida, tunaoga, tunafua. Ukishakuwa bibi mwenye wajukuu ndiyo unafikiriwa."

"Na baba mkwe anajua?"

"Anajua. Ila hajui kama anajua."

Wakacheka tena. Hadiya hakucheka, na mimi nilihisi kulia. Matete yale yamejaa konokono.

Sasa nilikuwa na mambo mawili mkononi, kijiji na Selina, na Jumapili ilikuwa inakuja. Nikiandika kwenye mpango peke yake, Selina atarudishwa kwao kwa kashfa kabla wino haujakauka. Nikimwita Selina peke yake, nimemtangaza. Basi nikamfuata mtendaji, nikamwambia Alhamisi napima kichocho kijiji kizima, wanaume kwa wanawake, hapo hapo kwenye banda la gulio, na asiyepimwa asije kwangu kuomba hata panadoli. Hiyo ya panadoli haimo katika sheria yoyote, lakini ilisaidia.

Alhamisi nilitangulia kuweka kikopo changu mezani mbele ya kadamnasi. Mtu mmoja akapiga yowe, "Kumbe hata nesi anakwenda haja!" Banda zima likaangua kicheko, na baada ya hapo kazi ikawa rahisi. Kila mmoja alikuwa anahangaika kuficha kikopo chake, hakuna aliyepata nafasi ya kutazama cha mwenzake. Selina alikuja katikati ya kundi la wanawake. Hakuna aliyegeuka.

Majibu yalinitia simanzi. Wanawake walioolewa, wengi wao walikuwa na mayai. Wavuvi nao, wengi. Selina alikuwa nayo kupita wote. Kwa ridhaa yake nilimpima na mimba faraghani. Hakuna.

Ijumaa tulivuka daraja hadi hospitali kubwa mjini. Daktari alimpitishia kipimo cha ultrasaundi, akatueleza taratibu: mtoto hayupo, tumbo limejaa maji, bandama imevimba, ini limekakamaa kwa kichocho cha miaka mingi. Akaandika dawa na tarehe ya kurudi. Nje, kwenye benchi, Selina alilia kwa furaha kwanza, kabla hajaanza kuyafikiria mengine.

"Mwambie wewe, nesi," alisema. "Yote, nimekuruhusu. Mimi siwezi kumtamkia baba mkwe habari za tumbo langu."

Jumamosi nilikwenda. Mzee Mashimba alinipokea akitabasamu.

"Nesi! Nimesikia majibu yangu. Mimi ni safi, sina hata yai moja. Choo changu kinafanya kazi."

"Kinafanya kazi, baba. Kwa mtu mmoja."

Tabasamu likapungua. Nilikuwa nimemeza hasira tangu siku ile ya dagaa, na zilitoka zote. Nilimweleza matete, konokono, majibu ya mkwewe, aliyoyaona daktari. Nilimwambia kwamba Selina amekuwa akiingia majini kila siku ili yeye mzee asione aibu chooni.

"Ni heshima, nesi," akasema polepole. "Hata mama yangu aliishi hivyo na baba mkwe wake."

"Mama yako alikufa na nini?"

Sikupaswa kuuliza hivyo.

"Tumbo," akasema. "Tulisema amerogwa."

Safari hii kunyamaza hakukunishinda.

"Kwa hiyo mtoto hakuna?"

"Hakuna, baba. Wala hakuna mwanamume."

Akavua kofia, akaiweka gotini. "Na mimi nimeita watu," akasema.

Jumapili sikualikwa, ila nilikwenda. Wazazi wa Selina na kaka yake walikuwa wamefika kutoka Kwimba, wamevaa mashati ya kanisani na nyuso za kuficha aibu. Shigela alikuwa ameshuka kutoka visiwani na hasira alizozipanga njia nzima. Mzee Mashimba alisimama kabla mtu hajatoa salamu ndefu.

"Niliwaita kwa maneno ya aibu," alisema. "Aibu yenyewe ni yangu. Binti yenu ni mgonjwa, na ugonjwa ameupata kwa kuniheshimu mimi. Nesi ataeleza."

Nikaeleza. Kaka yake Selina akainama, akashika kichwa. Shigela alitafuta pa kuzipeleka zile hasira, hakupapata, akatoka kwenda kusimama zizini. Baadaye nilimwona nyuma ya jiko, amekaa chini karibu na mkewe.

Jumatatu nilipompelekea Selina dawa nilimkuta Mzee Mashimba anachimba. Alichagua mahali upande wa pili wa mji, mbali na mlango wa bluu. Alikuwa amezama kiunoni, na Shigela alipotaka kumpokea jembe alimfukuza. Kile cha vigae kingebaki cha wake za wanawe, alisema. Hiki kipya ndicho chake. Mzee hawezi kumwomba mkwewe radhi ana kwa ana, hilo nalo haliruhusiwi, kwa hiyo alichimba.

Selina alinikaribisha kwenye kigoda. Alimeza vidonge, akasikiliza jembe kwa muda.

"Tumbo litarudi hali yake, nesi?"

Ningeweza kumdanganya. Wauguzi tunajua kudanganya vizuri, kwa sauti laini.

"Maji yatapungua kwa dawa," nikasema. "Wadudu watakufa. Lakini ini lililokakamaa halirudi kama lilivyokuwa. Utaishi ukilichunga, na kliniki utakwenda maisha yako yote."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa ameshajua. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Ule mpango wako umeshaupeleka?"

"Bado."

"Basi andika humo, si nyumba hii tu, nyumba zote. Muulizwe mke, si mzee." Akageukia kule jembe lilikokuwa linalia. "Shemeji yangu Malimi anaoa mwezi wa nane. Huyo binti anatoka Shinyanga, hajawahi kukaa karibu na ziwa. Mimi ndiye ningemwonyesha njia ya matete."