Nusu Volti Kila Jioni

Kwa mwaka mzima, kazi yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa kumpigia simu mwanamume nisiyemjua hata sura. Mimi nilikaa chumba cha mitambo ghorofa ya juu ya ofisi kuu, yeye chumba kama hicho kwenye tawi, ng'ambo ya barabara. Taarifa za ofisi zilivuka kwa mwanga, na mwanga wenyewe ulielekezwa, kila upande, na kioo kidogo kuliko punje ya ufuta. Umeme ndio uliokiinamisha: ukiongeza volti, kinainama zaidi.

"Ongeza kidogo, kaka," namwambia, macho kwenye mita ya mwanga. "Tena. Hee, umepitiliza! Mkono wako una haraka gani?"

"Haraka ya kukusikia ukinigombeza, dada."

Alidai jua la mchana hulipinda jengo lao, ndiyo maana kioo chake huhama kila siku. Nilikubali bila kuuliza, maana nilitaka kesho tuhangaike tena. Nyumbani nilikunywa chai peke yangu huku nikiijibu sauti yake. Nilimtamani, sioni haya kusema.

Jumatatu nikamkuta fundi amenitangulia, kafunga pande zote mbili mtambo unaojilenga wenyewe. Sekunde mbili tu, mwanga wa upande wa pili ukatulia. Simu ikabaki mezani, haina kazi.

"Mlikuwa mnajitesa bure," akasema, akinionyesha kumbukumbu za mtambo wa tawi. "Jengo halipindi hata kidogo. Kuna mtu anasogeza kioo nusu volti kila jioni kabla ya kutoka. Na Ijumaa, ona, kasogeza volti nne! Huyo ni mzima kweli?"

Volti nne ni asubuhi nzima ya mazungumzo. Alijua mtambo unakuja, akaniandalia asubuhi ya mwisho, na huyu bwana kaimaliza kwa sekunde mbili. Nilitamani kumrushia bisibisi yake.

Alipoondoka tu, nilizima kujilenga, nikakigeuza kioo changu mpaka kikagoma kuinama zaidi. Ofisi ingoje. Simu ikalia kabla sijaketi.

"Dada, mwanga wako siuoni kabisa."

"Najua. Nimeugeuza mwenyewe."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Kwa volti ngapi?"

"Zote," nikasema, mkoba tayari begani. "Usiguse kitu. Nakuja kwa miguu."