Shangazi Korongo na Daktari wa Tatu

Shangazi yangu ni dereva wa kreni. Si ile ya magurudumu. Ni ile ndefu ya kwenye majengo, ambayo ukikitazama kibanda chake kutoka chini shingo inauma. Amekaa humo miaka ishirini na miwili, na mafundi wa chini wanamwita Korongo, kwa miguu yake mirefu na kwa kupenda kwake kukaa juu. Si mtu wa kushangaa upesi. Ukimletea habari ya ajabu atakujibu, "Njoo kwanza uone jua likichomoza pale kwangu, halafu tuongee."

Siku moja alishuka kwenda chooni, akakuta mkojo wake mwekundu kama maji yaliyooshea matofali. Hakuumwa popote, akanyamaza. Wiki tatu baadaye hali ile ikarudi, na safari hii alimwambia nesi wa zahanati ya kazini.

"Damu kwenye mkojo bila maumivu haingojewi," nesi alisema huku akiandika. "Muone daktari bingwa wa mfumo wa mkojo."

"Huyo si daktari wa wanaume?"

"Kwani wanawake hawana kibofu?"

Shangazi akanipigia simu, mimi binti wa kaka yake, kwa sababu nilikuwa likizo, na kwa sababu, alisema, mumewe akikanyaga hospitali yeye ndiye huwa mgonjwa.

Daktari wa kwanza alisifiwa na kila tuliyemuuliza. Ukumbi wa kusubiria ulijaa wanaume, wakatutazama kama watu waliopotea njia. Ndani, daktari alisoma picha ya kibofu, akasema kuna uvimbe mdogo, kisha akanieleza mimi mambo yote harakaharaka, kana kwamba mgonjwa ni mkoba niliokuja nao.

"Daktari," Shangazi alimkatiza, "kazi hii ya kutoa uvimbe umeifanya mara ngapi?"

Akacheka. "Mama, hapa watu hawaulizi hivyo."

Tulipotoka nje Shangazi alisema, "Mzigo ukiwa hewani mimi sioni chini. Kuna mpiga ishara, na mkono wake ndio macho yangu. Mpiga ishara asiyependa kuulizwa simnyanyulii hata ndoo ya mchanga."

"Shangazi, ugonjwa haungoji tuchague kama tunachagua kitambaa."

"Haungoji. Ndiyo maana kesho tunaamka mapema."

Wa pili alikuwa mzee mpole. Alimsikiliza Shangazi mpaka mwisho, akavua miwani. "Nitakuwa mkweli kwako. Wagonjwa wangu wengi ni wanaume wenye shida ya tezi dume. Hiyo naijua kama kiganja changu. Uvimbe wa kibofu nautoa mara chache. Kuna mwenzangu anautoa kila wiki. Ungekuwa dada yangu, ningekupeleka kwake." Akampigia simu palepale.

Kwenye korido Shangazi alisimama, mkono mdomoni. "Umemsikia? Mtu mzima, vyeti vimejaa ukuta mzima, anasema hili mwenzangu analiweza kuliko mimi. Mwanangu, watu kama hawa bado wapo?"

Wa tatu alikuwa mwanamke mfupi, kiti chake kimepandishwa hadi mwisho. Shangazi akamuuliza swali lilelile.

"Zaidi ya mia nne."

"Na zilizoharibika?"

Daktari hakucheka. "Mara mbili nilitoboa kibofu. Wote wawili walipona, lakini mmoja alilala wodini wiki mbili kwa kosa langu. Najua nilikosea wapi." Kisha naye akauliza, "Na wewe, umewahi kuangusha mzigo?"

"Mmoja. Hakuumia mtu. Naukumbuka kila asubuhi nikipanda ngazi."

Wakatazamana. Mimi nilikuwa na maswali yangu matano kwenye karatasi, lakini Shangazi alishaanza kuvua saa mkononi. "Tunaanza lini?"

Kabla ya kuutoa, daktari alitaka kuuona uvimbe wenyewe, kwa mrija mwembamba wenye kamera unaopita njia ya mkojo. Nilisimama upande wa kichwa cha Shangazi, nikamshika bega. Aliguna kidogo, akatulia.

"Utaangalia?" daktari aliuliza, akageuza kioo cha kuonyeshea picha upande wetu. "Kibofu ni chako."

Nilitarajia kitu cha kutisha. Tuliona pango la rangi ya waridi, linang'aa, na mishipa midogo ikitambaa ukutani kama mito inavyoonekana kwenye ramani.

"Subirini hapa," daktari alisema, akielekeza mahali palipo na tundu dogo sana. Tukasubiri. Tundu likafunguka, likatema, likajifunga.

"Hiyo ni figo ya kushoto inaleta mkojo. Hailali. Hata wewe ukilala."

Likatema tena. Shangazi alikikodolea macho kioo. "Tangu lini?" akanong'ona.

"Tangu hujazaliwa."

Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni, wala hakuyafuta. Kisha kamera ikageuka, na pale ukutani palikuwa na kitu kama mmea wa majini, matawi yake laini yakicheza. Nilijua ni nini kabla hatujaambiwa.

"Ndicho hicho?" Shangazi aliuliza.

"Ndicho."

"Mbona kizuri hivyo?"

"Wengi husema hivyo," daktari alijibu kwa upole. "Lakini hakiwezi kuachwa humu."

Uvimbe ulitolewa wiki iliyofuata. Majibu ya maabara yalisema ni saratani, ila ilikuwa juujuu, haijaingia kwenye msuli wa kibofu. Na kwa kuwa ina tabia ya kurudi, lazima achunguzwe kila miezi mitatu. Shangazi akauliza tarehe, akaiandika. Baada ya mwezi mmoja alirudi kwenye kreni.

Ameshachunguzwa mara tatu sasa, na kuta za kibofu ziko safi. Kila mara naenda naye. Daktari hugeuza kioo bila kuombwa, na sisi watatu hungoja tundu lile lifunguke.