Mustang Isiyo na Klachi

Bwana Matar aliposema gari liuzwe, hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kumpinga, maana mzee yule tangu ujana wake akitoa neno ndio limekwisha. Lakini Abeer, binti yake, kwani ni mtoto wa nani? Alijibu, "Naam, baba," akashuka ngazi kwa adabu zake zote, na kabla hajafika chini keshakata shauri kuwa haliuzwi.

Gari lenyewe lilikuwa Ford Mustang ya mwaka 1967, rangi ya damu ya mzee, milango miwili, pua ndefu, usukani kushoto kama walivyozoea Wamarekani. Bwana Matar alilinunua Dar es Salaam mwaka 1986 kwa Mgiriki mmoja wa mkonge aliyekuwa akifunga virago arudi kwao. Alilivusha kwa meli ya mizigo, na siku liliposhushwa bandarini Malindi, Unguja, wapagazi waliacha kazi wakalitazama. Miaka kumi na moja Unguja nzima ililijua. Alikuwa akiliosha kwa mkono wake kila Ijumaa asubuhi, na ole wake mtu aegemee boneti.

Mwaka 1997 kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Mkono ulirudi kidogo, mguu ukagoma kabisa. Na klachi ya gari lile, wallahi, hata kijana mzima ilimtoa jasho. Basi mzee akawa hana kazi ila kukaa dirishani ghorofa ya pili, akilitazama gari lake chini limefunikwa turubali. Daktari alitaka afanye mazoezi ya kutembea. Majirani, akiwemo Muhiddin wa nyumba ya pili, walikuja wakajitolea wambebe wamshushe barazani apunge upepo. Aliwakazia macho mpaka wakatahayari.

"Mimi sibebwi," alisema, na ikawa ndio basi.

Zikapita siku, ikatimia miezi kumi na moja hajakanyaga chini. Abeer alikuwa akikata tiketi za boti pale bandarini. Akirudi jioni anamkuta baba yake kwenye dirisha lile lile, maneno yamezidi kupungua, na moyo unamuuma hasa. Aliona wazi kuwa mzee anajizika mwenyewe huku yu hai. Hata hilo la kuuza gari lilitokana na hayo, kwamba hataki tena kuliona. Abeer akajisemea, jamani, baba kakosa mguu mmoja tu, wa kulia si mzima? Basi la kubadilishwa ni gari.

Akalipeleka kwa Ubwa, fundi wa Saateni, mtu wa maneno mengi lakini mikono yake haina mfano.

"Unataka nini hasa, Bi Abeer?"

"Nataka mtu mwenye mguu mmoja na mkono mmoja na nusu aliendeshe, na asione kuwa anahurumiwa."

Ubwa alijikuna kichwa. "Ya mwanzo ntaiweza. Hiyo ya pili haina spea."

Nyumbani Abeer alisema gari limenunuliwa na mtu wa Kizimkazi. Baba yake aliuliza kitu kimoja tu.

"Analiosha?"

"Analiosha, baba."

Abeer alikwenda jikoni akalia, tena kwa sauti. Uongo huo aliubeba miezi sita mizima.

Huko Saateni kazi haikuwa lelemama, na akiba yote ya Abeer iliishia huko. Injini kubwa ya silinda nane ilitolewa, maana ilikuwa ishachoka na bado inakunywa petroli bila huruma. Mahali pake ikaingia ya Kijapani ya silinda sita, yenye tabo ya kuipa nguvu, iliyotumika kidogo, ikaja na gia yake ya otomatiki kwenye kontena kutoka Dubai. Ilipobidi kukata vyuma vya bodi ili injini ikae, Ubwa aliingiwa na woga. Alishika msumeno akauweka, akaushika tena akauweka.

"Nikikosea hapa," alisema, "mzee wako ataninyonga kwa mkono wake mzima."

"Maji umeshayavulia nguo, Ubwa. Yaoge."

Akakata. Baada ya hapo akatia breki za diski, na usukani wa pawa unaozungushwa kwa kidole, na kiyoyozi, na vitasa vya umeme, na viti vipya vya sponji laini. Alitaka pia kuuhamishia usukani kulia kama magari mengine ya hapa, lakini Abeer akakataa katakata. Usukani ukibaki kushoto, mzee atapandia ukingoni mwa barabara bila kukwepa gari, na mkono wake wa kulia utakuwa jirani na gia. Ubwa alikubali kuwa hilo hakuliwaza.

Ijumaa moja baada ya sala, Ubwa akairudisha Mustang Malindi, akaisimamisha mbele ya nyumba inang'aa, injini bado inanguruma. Abeer akapanda juu mbio. Baba yake alikuwa keshaliona.

"Lile nini?"

"Gari lako, baba."

"La mtu wa Kizimkazi?"

"Hakuna mtu wa Kizimkazi, baba. Nisamehe. Nimelitengeneza upya ili uliendeshe."

Mzee aliinama nje ya dirisha akasikiliza. "Hiyo si injini yangu."

"Naam. Hiyo ya Kijapani, yako nimeitoa. Ipo gereji, nimeihifadhi."

"Miezi sita unanidanganya," alisema taratibu, na utaratibu huo ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Tena umelitoa matumbo kama samaki. Liondoshe hapo."

Akavuta dirisha akalifunga. Kazi yote ile, matumaini yote yale, yamefungiwa nje na mbao mbili za dirisha!

Sasa huko chini Bi Mwanakheri, mama yake Abeer, hana habari ya ugomvi. Yeye kashika chetezo chake cha makaa na udi wa nguvu, maana kwake kitu kipya hakitumiwi hakijafukizwa, iwe nguo, iwe nyumba, iwe bibi harusi. Na gari limekuwa jipya au halikuwa? Akakiweka chetezo juu ya kiti cha nyuma, akapandisha vioo vyote ili moshi ukolee, kama anavyofukiza nguo zake za sikukuu. Ubwa naye, kwa kutaka sifa, akamwambia kiyoyozi kitausambaza udi vizuri zaidi. Akawasha injini, akafungulia feni mpaka mwisho, akatoka. Bi Mwanakheri akabamiza mlango. Vitasa vipya vya umeme vikalia *ta!* vikajifunga vyenyewe, ufunguo ukabaki ndani.

Abeer aliteremka akawakuta wanacheka. Kicheko hakikudumu. Feni ilipuliza makaa, cheche zikaruka, sponji ikaanza kufuka, na moshi ukawa si wa udi tena, ni mweusi unaonuka.

"Yarabi, kiti kinaungua!" alipiga ukelele Bi Mwanakheri.

Ubwa alivuta mlango huu, akavuta ule, wapi! Akaokota jiwe avunje kioo.

"Ebo! Ole wako!"

Dirisha la juu lilikuwa wazi, na Bwana Matar kajitokeza nusu ya mwili. "Kioo hicho utakipata wapi wewe? Fungua kile kidirisha cha pembe tatu, mlango wa dereva! Bonyeza chini, vuta kwako!"

Ubwa akabonyeza, akavuta. Hakikwenda.

"Si hivyo! Chini kwanza! Loo, mikono gani hiyo!"

Kisha dirishani hapakuwa na mtu. Kutoka ndani ya nyumba, kwenye ngazi, Abeer akasikia *pu*. Kimya. *Pu*. Mzee alikuwa akishuka.

Moshi ulizidi kuwa mzito. Ubwa akainua tena jiwe. "Bi Abeer, likishika moto hili tumekwisha, na petroli imo!"

"Ngoja."

"Ningoje nini?"

"Baba anakuja." Alijisimamisha baina ya jiwe na kioo. Alijua kabisa kuwa gari linaweza kuteketea. Lakini kioo kikivunjwa sasa, baba yake atafika chini akute hahitajiwi, na huko juu atarudi moja kwa moja. "Anakuja, Ubwa. Ngoja."

*Pu. Pu. Pu.* Vidato ishirini na sita, na Abeer akavihesabu vyote.

Bwana Matar alitokea mlangoni kashika ukuta, kikoi kimejaa vumbi nyuma, maana alishuka kwa makalio kidato kimoja kimoja kama mtoto mdogo. Hakumtazama mtu. Aliburura mguu mpaka kwenye gari, akaweka kiganja cha kulia juu ya kile kidirisha, akabonyeza, akakizungusha kidogo, kikafunguka. Akaingiza mkono, akavuta kitasa. Mlango ukaachia. Ubwa akadaka chetezo akakitupa nje, na Bi Mwanakheri akamwagia kiti ndoo nzima ya maji.

Kilibaki kitobo cha upana wa sahani, basi. Watu walikuwa washakusanyika, na Muhiddin miongoni mwao. Mzee alikaa kwenye kiti cha dereva apumzike, kwa sababu hakuwa na pengine pa kukaa. Akatazama chini.

"Klachi iko wapi?"

"Haipo, baba," alisema Abeer.

Mzee akatazama pedeli mbili. Akautazama mguu wake wa kushoto, uliolala pale bila kazi yoyote ya kufanya. Kisha akauvuta mlango.

"Panda," alimwambia binti yake.

Walipita Mtoni kwa mwendo wa adabu. Walipoiacha Bububu nyuma, barabara ikawa nyeupe haina mtu, mzee akakanyaga, na gari likaruka mbele mpaka Abeer akabanwa na kiti.

"Astaghfirullahi!" alisema Bwana Matar, akaachia, akakanyaga tena. "Mjapani huyu kala nini?" Na akacheka, kicheko cha zamani chenye kifua ndani yake. Abeer hakuthubutu kumtazama asije akakikatiza.

Walirudi karibu na magharibi. Ubwa na Muhiddin walikuwa bado barazani, wamejiinamia kama watu wanaongoja hukumu. Mzee alijitoa garini, akasimama kizingitini, akaziangalia ngazi zake kutoka chini mpaka juu.

"Muhiddin. Na wewe fundi. Njooni mnibebe."

Walitazamana, hawakuamini walilolisikia.

"Hamsikii? Kesho nnakwenda Uroa mimi, pwani ya mashariki huko. Nguvu zangu nazitaka kwa safari, si kwa ngazi."