Hita Iliyomkataa Mama Mkwe

Hita ya gesi ya Gordon ilikuwa na ubaguzi. Lynnet, mkewe, akiingia kuoga, iliwaka vizuri na kutoa maji ya moto mpaka kioo cha bafuni kikajaa ukungu. Gordon mwenyewe akiingia, vilevile. Lakini Filister, mama yake Lynnet, akishajipaka sabuni tu, moto unazimika na maji yanakuwa baridi kama ya ziwani alfajiri.

Na kumbe hita yenyewe ilinunuliwa kwa ajili yake. Filister alikuwa ametoka kwake, kisiwani Takawiri, baada ya kuteleza mwambani akianua omena, wale dagaa wa ziwani, na kuvunjika mfupa wa paja. Daktari wa Migori alisema mfupa umeunga vizuri, ila kila asubuhi mguu umiminiwe maji ya moto, kisha aje kliniki anyooshwe. Akikatiza mazoezi, mguu utakakamaa na fimbo itakuwa mwenzake wa maisha. Takawiri hakuna kliniki ya namna hiyo. Uriri, walikoishi Gordon na Lynnet, si mbali na Migori, basi Lynnet akasema mama atakaa kwake, mjadala umefungwa.

Umefungwa wapi. Kwa Wajaluo, mama mkwe na mkwewe hawalali chini ya paa moja hivi hivi tu. Filister alibembelezwa na binti yake, akabembelezwa na mchungaji, na mwishowe akakubali kwa hoja yake mwenyewe: nyumba ya Uriri ilikuwa nyumba ya ploti, imejengwa kando ya kinu cha kusagia mahindi, si dala, lile boma lenyewe la Gordon. Hata hivyo alikula chumbani kwake, na akimsalimu Gordon alitazama mlango. Gordon naye alitazama dirisha. Waliheshimiana mpaka shingo zikawauma.

Usidhani hawakupendana. Gordon alifiwa na mama yake mzazi mwaka uleule aliooa, na Filister alivuka ziwa na gunia la samaki wakavu, akakaa na wanawake wengine pembeni mpaka matanga yakaisha. Tangu hapo hakuna Krismasi iliyopita bila mzigo wake wa samaki kufika. Gordon hakuwahi kumshukuru ipasavyo, maana utamshukuruje mtu ambaye huwezi kumtazama usoni? Hita ndiyo iliyokuwa shukrani yake. Sasa shukrani hiyo ilikuwa ikimmwagia mama wa watu maji baridi.

Gordon ndiye mwenye kinu, na ndiye fundi wake pia. Alizoea kujigamba kwamba mashine haijazaliwa ya kumshinda. Alibadilisha betri za kuwashia moto, kisha akabadilisha mtungi wa gesi. Alifungua kichujio, akakuta mchanga, akafurahi kama aliyeokota dhahabu ya machimbo ya Macalder, akakisafisha mpaka kikang'aa. Kesho yake asubuhi Filister alitoka bafuni akitetemeka.

Akaitwa Nyabuto, fundi wa mabomba kutoka Migori mjini. Nyabuto aliijaribu hita mara chungu nzima, na kila mara ikawaka.

"Kaka, hii kitu haina shida," alisema akifunga begi lake. "Labda uisikilize mtu akiwa ndani anaoga."

"Anayeoga ni mama mkwe wangu."

Nyabuto ni Mkisii, na kwao pia mambo ya wakwe hayana mzaha. Alikuna kidevu. "Basi pole," akasema, akajiendea zake.

Hapo ndipo penye kazi. Ugonjwa wa hita ulijitokeza Filister akiwa ndani tu, na Filister akiwa ndani, Gordon hangesogelea ukuta ule hata kwa dawa.

Alhamisi jioni Lynnet alikuja jikoni macho mekundu.

"Mama anafunga mizigo. Anaenda Jumapili. Ameshampigia Maurice amngoje Mbita na boti." Maurice ni kaka yake Lynnet, mvuvi.

"Na mguu?"

"Anasema nyumba imemkataa. Sisi tunaoga vizuri, yeye peke yake ndiye anazimiwa moto. Anasema tumevunja chik, desturi zetu, na nyumba inamwambia kwa upole kabla haijamwambia kwa ukali."

Gordon alitaka kucheka, kicheko kikamgomea. Akilini alimwona Filister akipanda mwamba ule na fimbo maisha yake yote, na moyo ukamuuma kwelikweli. "Nipe kesho," alisema.

Ijumaa asubuhi alienda migombani, mwisho kabisa wa ploti, akijifanya anakata majani makavu. Huko ndiko bomba la maji machafu ya bafuni lilikomwagia. Lynnet alioga kwanza, na maji yakatoka kwa kishindo, yamejaa povu, yakamlowesha Gordon viatu. Ikafika zamu ya Filister. Gordon aliona haya, maana hata kuangalia maji aliyoogea mama mkwe hakukumkalia sawa, akageuka aondoke. Lakini nyuma yake palikuwa kimya. Akachungulia kwa jicho moja. Bombani palitoka mchirizi mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuisha chai.

Akaelewa palepale. Ndani ya hita mle mna kidude kinachopima nguvu ya maji. Maji yakipungua sana, kinakata gesi ili mabomba yasiungue. Hita haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi yake.

Lakini ni nani anayeoga kwa uzi wa maji? Gordon aliitazama nyumba. Ng'ambo ya ukuta wa bafu ni sebule, na palepale ukutani pana kiti chake, anapokalia kila asubuhi na chai yake na redio. Alishikwa na aibu mpaka masikioni.

Alimnong'oneza Lynnet, na Lynnet akaingia chumbani kwa mama yake. Alitoka ameshika mbavu, machozi yanamtiririka.

"Anasema, 'Ningefunguaje maji yote na kila asubuhi baba Emmah amekaa hapo ananisikia? Si ni sawa na kuvua nguo mbele yake?'" Emmah ni binti yao, aliye shule ya bweni. Lynnet alijifuta macho. "Heshima si utumwa, lakini hii yenu itaniua."

Alasiri hiyo, kabla ya Sabato kuingia, Gordon alikwenda kinuni akakiwasha bila punje ya mahindi. Kilinguruma mpaka jirani yao Marcella akaja mbio na beseni lake, akakuta kinasaga hewa, akatikisa kichwa.

"Mama, umesikia?" Lynnet alisema mlangoni pa bafu. "Mkweo yuko kinuni. Hata radi haisikii. Fungua."

Filister akafungua, na moto haukuzimika.

Lakini mzigo wake ulibaki umefungwa. "Hita imepona," alimwambia binti yake usiku. "Ila siwezi kumfukuza mwanamume kwake kila ninapotaka kuoga. Jumapili ni ileile."

Kesho yake ilikuwa Sabato, na kwa familia ya Wasabato kinu hakiwashwi. Gordon alipanga atoke mapema atembee, lakini mvua ilikuwa inanyesha, na Lynnet alikuwa zizini akikamua. Alisimama sebuleni na kikombe mkononi akitafuta mwavuli. Mara akasikia fimbo ikigonga sakafu ya bafu. Akasimama palepale. Akitembea, atasikika.

Kisha maji yakafunguliwa, yote, yakaanguka kwa kishindo.

"Gordon," sauti ya Filister ilipenya ukutani. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina.

"Naam, mama."

"Uko hapo?"

"Niko, mama. Natoka sasa hivi."

"Utoke uende wapi na mvua hii? Mtoto hatolewi nje anyeshewe eti kwa sababu mama yake anaoga. Kaa unywe chai. Ukimaliza, mpigie Maurice umwambie asiningoje Mbita."

Gordon akavuta kiti, akaketi, macho dirishani kama kawaida, akaanza kunywa chai yake. Maji yaliendelea kumiminika, ya moto, mpaka mama alipoyafunga mwenyewe.