Mbwa Aliyezuia Mikoba

Katika nyumba ile, kuingia kulikuwa rahisi kuliko kutoka. Mgeni akibisha hodi, mbwa alisimama, akamnusa viatu, akamwacha apite na mzigo wake wote, hata kama amebeba kabati. Shida ilianza wakati wa kuondoka. Aliyeelekea getini mikono mitupu, mbwa hakumjali. Aliyeelekea na mkoba, kapu, hata bahasha ya kaki, mbwa alijilaza mbele ya geti, akaonyesha meno na kunguruma taratibu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo zito. Hapiti mtu.

Walimwita Mkaguzi. Marehemu baba mwenye nyumba alikuwa mtunza stoo kwenye ghala kubwa, mahali ambapo hakuna aliyetoka na kitu bila kupekuliwa. Siku wezi walipobeba redio na pasi yake mchana kweupe, mbwa akiwatazama tu, mzee aliapa kwamba nyumbani kwake nako kutakuwa na utaratibu. Akamfunza mbwa kwa miezi minne. Kisha akamwonyesha mkewe namna ya kumshika: vidole viwili chini ya mkanda wa shingoni, goti ubavuni, na neno moja tu, "Ruhusa." Mzee alipofariki, ruhusa ya nyumba nzima ikabaki kwenye vidole viwili vya Mama.

Kwa hiyo aliyetaka kutoka na chochote alimwendea Mama, na Mama, kabla ya kuinuka, aliuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Unakwenda wapi, mwanangu, na umebeba nini?"

Swali hilo ndilo lililomfunga mkwe wake mwaka mzima na miezi miwili.

Mkwe alikuwa msichana wa maneno machache. Chuoni alisomea kazi ya maabara, na huko ukimya wake ulikuwa sifa, maana hadubini haitaki kelele. Katika nyumba ya watu ukimya uleule uligeuka kuwa jibu. Asiposema, ilihesabiwa amekubali. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Alirudi kila baada ya wiki sita, akala, akalala, akafua kofia yake, akaondoka. Mkwe alipotaja kazi kwa mara ya kwanza, Mama hakukataa hata kidogo. Alimchagulia nyama laini kwenye sufuria, akamwekea kwenye sahani, akasema, "Kazi ni jambo jema. Mume wako akirudi tutakaa tuzungumze." Mume akarudi. Wakakaa. Hawakuzungumza.

Laiti Mama angekuwa mkali! Mtu mkali unaweza kumkasirikia. Huyu alimsuka nywele kila Jumapili, akamtengenezea chai ya tangawizi akipiga chafya moja tu, na kila mgeni alimwambia, "Bila huyu mtoto, nyumba hii ingekuwa kaburi langu." Mkwe akiyasikia hayo, maneno aliyokuwa ameyapanga usiku kucha yaliyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi.

Jumanne ile, fundi cherehani wa nyumba ya pili alipenyeza barua chini ya geti. Mkwe alikuwa ametumia anwani yake kuombea kazi.

"Shoga!" alinong'ona fundi kwenye ufa wa geti. "Imekuja na muhuri! Ifungue kabla sijaifungua mwenyewe, nina mkasi hapa."

Ilikuwa ya hospitali kuu. Amepata nafasi maabara. Afike Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, na vyeti vyake halisi, koti jeupe na viatu vya kufunika vidole. Asiyefika kwa wakati, nafasi yake atapewa anayefuata kwenye orodha.

"Basi nirushie mkoba juu ya ukuta Jumatatu," alisema fundi. "Wewe unatoka mikono mitupu, unaniambia habari ya asubuhi, unachukua mzigo wako. Mbwa anabaki na aibu yake."

"Na Jumanne? Na Jumatano?" Mkwe alizungumza na ule ufa. "Nitarusha mkoba ukutani mpaka nistaafu?"

"Basi mwambie bi mkubwa."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Mkwe aliikunja barua, akaificha kifuani. Fundi akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Haya. Afadhali umfundishe mbwa, maana naona ni rahisi kuliko kumfundisha ulimi wako."

Fundi alisema kwa mzaha. Mkwe akaondoka nalo lile neno.

Mchana, Mama alipojilaza baada ya chakula, Mkwe alikata vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa, vyenye ukubwa wa punje za mahindi, akavitia mfukoni mwa aproni. Mbwa yule alimjua yeye kuliko alivyomjua mtu mwingine, ukiacha ile habari ya geti. Ndiye aliyempikia: wali wa chenga na utumbo, bila chumvi, bila kitunguu, maana daktari wa mifugo alishasema kitunguu ni sumu kwa mbwa. Ndiye aliyemchana manyoya, akamtoa kupe, akakumbuka tarehe za chanjo. Lakini hakuna aliyewahi kumtembeza. Miaka minne mnyama yule alikuwa amezunguka ua uleule, kutoka tangi la maji hadi kamba ya nguo, mpaka akachimba njia yake ardhini.

Siku hiyo Mkwe aliweka kapu tupu chini, mbali na geti, akasema, "Kaa." Mbwa akakaa. Akapata ini. Jumatano alilishika kapu mkononi. Alhamisi alipiga hatua tatu kuelekea getini. Mbwa akanguruma, naye akarudi nyuma, jasho likimtoka, akaanza upya. Ijumaa hatua zikawa saba. Alijifunza kutomtazama machoni, kutopandisha sauti, kumlipa palepale anapokaa na si dakika moja baadaye.

"Siku hizi maini yanakonda kwenye sufuria," Mama alisema Ijumaa jioni, akikoroga. "Ama yanapanda juu na mvuke?"

"Labda niliyachemsha sana, Mama."

"Labda," alisema Mama.

Jumamosi walikuwa wakichambua maharage barazani, sinia katikati yao. Mama alipenda kusimulia mikono ikiwa kazini. Akamtaja dada yake mkubwa, aliyelala kitandani mwaka wa nne sasa kwa kiharusi, mitaa mitatu kutoka pale, kupita njia panda.

"Kila wiki namtumia supu," alisema. "Leo huyu, kesho yule. Inafika baridi, imemwagika nusu. Juzi alituma salamu: mwambieni mdogo wangu nimeshiba supu, nina njaa ya sura yake."

"Kwa nini huendi, Mama?"

Mama aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa uani. "Niende mikono mitupu kwa mgonjwa? Na nikibeba, nani atamshika Mkaguzi? Anayejua kumshika ni mimi. Tangu mzee aondoke sijavuka geti lile na kitu mkononi." Akacheka, kicheko kifupi. "Mume wangu alifunga mlango vizuri mno, akanisahau ndani."

Mkwe alitazama vidole vile viwili vikipekua maharage. Siku zote aliviona kama ufunguo. Hakuwahi kufikiri kwamba ufunguo nao hukaa ndani. Huruma ilimjaa, na papo hapo akaogopa, kwa sababu kila alipomhurumia Mama ndipo alipozidi kukwama.

Jumapili mchana alitundika mkoba begani, vyeti vikiwa ndani, akaenda mpaka getini, akafungua komeo, akatoka nje, akahesabu kumi, akarudi. Mbwa alikuwa amekaa, ulimi nje, akingoja ini lake. Mkwe alimkumbatia shingo pale mavumbini. Hakuona pazia la dirisha la jikoni likirudi mahali pake.

Jumatatu aliamka mapema, akapika uji, akauepua, akavaa. Mpango wake ulikuwa kutoka saa moja na robo, Mama akiwa bado chumbani, na kumwachia karatasi mezani: *Mama, nimekwenda kazini. Nitarudi saa kumi. Maharage nimeyaloweka.* Aliiandika mara tatu, na mara mbili aliikunja alipofika kwenye neno kazini. Basi lilipita njia panda saa moja na nusu. Lililofuata lingemfikisha saa mbili na nusu.

Alipotoka barazani na mkoba wake, Mama alikuwa amesimama uani. Amevaa gauni la kutokea, kilemba kipya, viatu vya mikanda. Mkononi ana kapu, na ndani ya kapu, bakuli la supu lenye mfuniko.

"Usishtuke," alisema Mama, macho yaking'aa kama ya mtoto. "Nilikuona jana kutoka dirishani. Maini, kapu, kaa, simama. Nikasema, huyu mtoto nimemwambia Jumamosi kilio changu cha dada yangu, Jumapili mbwa ameshafundishwa! Sikulala kwa furaha. Na wewe umeshavaa kunisindikiza!"

Mkwe alifungua mdomo. Mama alikuwa ameshamnyoshea mkono.

"Twende, mwanangu. Nishike mkono, magoti haya hayana adabu."

"Kaa," Mkwe alimwambia mbwa. Mbwa akakaa. Akapata ini lake, nao wakapita wote wawili, mkoba na kapu, na geti likafungwa nyuma yao.

Asubuhi ilikuwa imechangamka. Watoto wa shule, muuza maziwa, mtu anafagia mbele ya duka. Mama alitembea kama anayevuka mto kwa mawe, mguu huu, apumzike, mguu ule, apumzike. Na kila hatua alikuwa na la kusema.

"Hapa si palikuwa na kinyozi? Ala! Wamejenga ghorofa! Na ule mchongoma wa mwalimu wameukata, watu hawana huruma."

Saa ya Mkwe ilisema saa moja na dakika ishirini. Njia panda ilionekana mwisho wa barabara. Kwa mwendo wake mwenyewe, dakika nne. Kwa mwendo huu, nusu saa. Mkono wa Mama ulikuwa umepitishwa kwapani mwake, umebana, wa moto, wa kumwamini kabisa. Akilini alimwona karani wa hospitali na kalamu yake, akishuka kwenye jina linalofuata kwenye orodha.

Sema sasa, alijiambia. Wakapita duka. Sema. Wakapita bomba la maji. Mama akasimama kupumua, akamtazama usoni, akasema, "Mungu akuzidishie. Mwanangu wa kumzaa hakuliona hili."

Hapo ndipo Mkwe alipoona kwamba asiposema sasa hatasema tena. Kwamba kesho kutakuwa na supu, na keshokutwa supu, na mkono huu kwapani mwake mpaka nywele zake nazo ziote mvi.

"Mama, sikumfundisha mbwa kwa ajili yako."

"Unasemaje?"

"Nimepata kazi. Hospitali, maabara. Naanza leo saa mbili. Nilikuwa nataka nitoroke, kwa sababu nilishindwa kukuambia." Maneno yalitoka kwa kasi, bila mpangilio, kama vyombo vinavyodondoka kabatini. "Basi linapita saa moja na nusu. Nikikusindikiza nitachelewa, na nikichelewa wanampa mwingine."

Furaha usoni mwa Mama haikuondoka mara moja. Ilibaki pale kidogo, haina pa kwenda.

"Mume wako anajua?"

"Atajua jioni."

"Kwa hiyo maini yale…" Mama hakumaliza. Alitazama barabara iliyobaki mbele, akatazama geti walikotoka. "Na mimi nitafikaje?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na Mkwe alimwonyesha ukuta wa pembeni. "Polepole, Mama. Shika ukuta huu mkono wa kulia mpaka unapoishia. Kapu lishike kushoto. Nikitoka kazini nitakupitia kwa mama mkubwa, turudi wote."

"Nitaanguka."

"Hutaanguka."

"Nikianguka?"

Mkwe alitazama njia panda. Alingoja mkono uachie. Haukuachia. Basi akainua mkono wake mwingine, akavibandua vidole vile kimoja kimoja, kwa upole aliokuwa nao wote, akaviweka juu ya ukuta. Vilikuwa vyepesi kuliko alivyodhani.

Akatembea. Kisha akakaza mwendo. Saa ilisema saa moja na dakika ishirini na sita.

"Mwanangu!" Sauti ilimfuata. "Mfuniko haujakaza! Supu inamwagika!"

Miguu yake ilipunguza mwendo yenyewe, ikisikiliza. Nyuma yake alisikia kapu likikwaruza ukuta, likatulia, likakwaruza tena. Lilikuwa likisogea. Hakujua linasogea kwenda upande gani.

Aliubana mkoba kifuani, akakimbia.